Uzi wa mvua za Kusini: ramani za bure mtandaoni, kopo la rangi, na korosho zangu zilizolowa

#1 KopoLaRangi (Newala)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekuwa nauahirisha tangu msimu wa korosho uliopita. Leo umeme umetulia, ngoja niumwage.

Niko Newala, nalima korosho na natengeneza simu. Novemba moja, miaka mitatu nyuma, nilikuwa na korosho mikekani siku ya pili ya kuanika. Jioni nikachungulia programu ya hali ya hewa iliyokuja na simu: jua, jua, kawingu kadogo, jua. Nikaenda zangu msibani kijiji cha pili. Saa kumi usiku nasikia bati la watu linapigwa kama ngoma ya jando. Nafika nyumbani kumekucha, maji yamesimama katikati ya mikeka, majani ya mkorosho yanaelea juu. Nilianika upya siku nne. Zikatoka na madoa, na kule ghalani zikaandikwa daraja la pili. Hasara siitaji kwa tarakimu, mke wangu naye anasoma humu.

Hasira ile ndiyo iliyoniingiza kwenye mambo haya. Kitu cha kwanza nilichogundua: programu nyingi za simu hazina utabiri wa kwao. Nyuma yake kuna modeli chache kubwa za dunia, yaani kompyuta zinazokokotoa hewa itakavyokwenda, na simu inakuchorea tu kapicha ka jua. Mbili utakazokutana nazo sana ni GFS ya Wamarekani, inayotoka mara nne kwa siku na kwenda mpaka siku 16 mbele, na ile ya kituo cha Ulaya, ECMWF, ambacho tangu 2022 kimeanza kuachia utabiri wake wazi kwa yeyote. Kwa hiyo ukiwa na simu mbili zinazobishana, pengine kinachobishana ni Marekani na Ulaya. Na simu tano zikikubaliana, yawezekana zote zimechota kisima kimoja, usihesabu mashahidi watano.

Mimi nachota moja kwa moja kwenye tovuti ya Open-Meteo. Haitaki kujisajili wala ufunguo kwa matumizi yasiyo ya biashara, na msimbo wake uko wazi. Unaandika hivi kwenye kivinjari cha simu:

api.open-meteo.com/v1/forecast?latitude=-10.94&longitude=39.29&hourly=precipitation&timezone=Africa/Dar_es_Salaam

Hizo namba mbili ni za Newala. Wa Mtwara mjini weka -10.27 na 40.18. Inakujia safu ndefu ya tarakimu, haina urembo, lakini ni mvua ya kila saa kwa milimita. Anayependa rangi aende Windy, pale anaweza kubadilisha modeli na kuona zinavyogombana. Ila Windy ni bure kuangalia, si huria, msimbo wake haujafunguliwa. Kuna watu wanachanganya hayo mawili.

Kilichonisaidia kuliko vyote lakini ni ule utabiri wa mafungu. ECMWF hawaendeshi modeli mara moja. Wanaiendesha mara 51, kila mara wakichezea kidogo hali ya kuanzia, kwa sababu hakuna anayejua sawasawa hewa ya dunia iko vipi sasa hivi. Open-Meteo wana ukurasa wa hayo mafungu pia. Zamani nilikuwa nauliza, "Kesho itanyesha?" Sasa nauliza, "Kati ya 51, ngapi zinanyesha?" Zikiwa kumi tu naanua. Kumi katika 51 ni ndogo, najua, mara nyingi nitakuwa nimeanua bure na vijana watanicheka. Lakini kuanua kunanigharimu vijana wawili na nusu saa na turubai. Kulowa kunanigharimu daraja. Anayepulizia salfa ya unga (dawa ya ukungu wa mikorosho) alfajiri hesabu yake ni nyingine kabisa, yeye anatafuta saa ambayo upepo umelala, mvua si shida yake kubwa mwezi wa sita.

Sasa kopo. Nilitaka kujua nani mkweli, nikatengeneza kipima mvua. Kopo la rangi lililooshwa, mdomo wake sentimita 16 kutoka ukingo hadi ukingo. Kipenyo hicho nimekichagua makusudi: eneo la mdomo linakuwa kama sentimita za mraba 201, kwa hiyo milimita moja ya mvua inaingiza ml 20 za maji. Nanunua duka la dawa bomba la sindano la ml 20, bila sindano. Kila bomba moja lililojaa ni milimita moja. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kopo liwe mbali na mti na paa, lichimbiwe lisiangushwe na mbuzi, na lisomwe kila siku saa tatu asubuhi.

Nina misimu miwili kwenye daftari. Kuna siku kopo limetoa bomba 42 na ramani ya setilaiti ikaniambia 11. Kuna siku imekuwa kinyume. Naomba wanaojua waje waniambie nakosea wapi, na wenye zana nyingine waziweke hapa. Kusini tumezoea kusoma mambo ya Dar na Arusha tu.

#2 Mzee wa Uraka

Kijana, mimi mikorosho yangu ikichanua vibaya najua, sisimizi wakihama najua, na upepo ukigeuka najua. Hizo 51 zako zimekaa Ulaya zinakula mkate, zitajuaje Tandahimba? Marehemu baba aliangalia mlima na mawingu, hakulowesha korosho hata siku moja. Na kopo langu lina kazi nyingine msimu wa mabibo.

#3 BintiMikindani

Mzee wa Uraka shikamoo, usimwage uraka kwa ajili ya sayansi tafadhali 😄

Kaka KopoLaRangi, kazi nzuri. Mimi nashughulika na takwimu za maji, nikupe mambo mawili.

La kwanza ni saa. Modeli zinatumia saa ya Greenwich. Saa sita usiku yao ni saa tisa usiku yetu. Wewe umeweka timezone kwenye anwani, vizuri, wengi wanaisahau. Lakini bado siku ya modeli inaanza saa sita usiku na siku ya kopo lako inaanza saa tatu asubuhi. Mvua ikipiga saa kumi jioni tarehe 11, wewe utaisoma asubuhi ya tarehe 12. Kama unaandika 12 kwenye daftari, na modeli inasema 11, utaona modeli imekosea siku mbili: ya kwanza imetabiri mvua "haikuja", ya pili mvua imekuja "bila kutabiriwa". Kumbe walikuwa wanasema kitu kimoja. Chukua mvua ya kila saa, ujumlishe mwenyewe kutoka saa tatu hadi saa tatu. Vituo vya hali ya hewa navyo vinasoma mvua ya siku saa tatu asubuhi, kwa hiyo saa uliyochagua ni sahihi, usiibadilishe.

La pili, hiyo 42 dhidi ya 11. Umetumia ramani gani? Kama ni CHIRPS au TAMSAT, hizo haziioni mvua yenyewe. Setilaiti inapima ubaridi wa kilele cha wingu. Wingu refu lina kilele cha baridi sana, kwa hiyo wanakadiria kwamba chini kunanyesha. Kwa mvua za radi za bara inafanya kazi vizuri. Sisi wa pwani tuna mawingu mafupi ya joto yanayotoka baharini, kilele chake si baridi kiasi hicho, lakini yanamwaga. Setilaiti inapita juu, inaona kawingu kanyonge, inaandika kidogo. Halafu kuna suala la mraba: CHIRPS inatoa wastani wa eneo la kama kilomita 5 kwa 5. Wewe una sentimita za mraba 201. Mvua ya Novemba inaweza kulowesha Newala na kuacha vumbi Kitangari.

IMERG ya NASA inachanganya na setilaiti zenye vipimo vya mawimbi yanayoingia ndani ya wingu, inatoka kila nusu saa, mraba wake ni kama kilomita 10. Linganisha na hiyo pia. Lakini usihukumu kwa siku moja. Jumlisha siku kumikumi halafu utuambie.

#4 KopoLaRangi

Dada, umenimaliza. Daftari lote nimeandika tarehe niliyosoma. Mwezi mzima wa Desemba niliitukana modeli ya watu, kumbe mwenye kosa ni kalamu yangu.

Nimerudia Desemba sasa hivi kwa kusogeza tarehe. Ile 42 haijapona, bado ni 11 (ndiyo, CHIRPS). Lakini siku nyingine karibu zote zimekaa mahali pake, na ukijumlisha kumikumi tofauti si ya kutisha. Asante sana.

#5 Mpunga wa Mahurunga

Naombeni msaada upande wetu wa Ruvuma. Sisi mvua ya kwetu haituui. Kinachotuua ni mto. Mwaka mmoja mwezi wa tatu hapa kijijini jua linawaka kabisa, tumelala, asubuhi mpunga uko ndani ya maji na mitumbwi inapita juu ya majaruba. Kopo la Kaka hapo lingesema sifuri. Kuna zana ya mto? Na ile ramani ya mafuriko ya Google naona nukta mtoni kama vituo, mimi nimezaliwa hapa sijawahi kuona mtu anapima maji pale.

#6 BintiMikindani

Pole sana kaka. Hili ndilo swali ninalolipenda.

Kwanza kwa nini jua linawaka na mto unafurika. Ruvuma ina urefu wa takribani kilomita 800, na mkono wake mkubwa upande wa pili, Lugenda, unatoka jimbo la Niassa huko Msumbiji na kuingia Ruvuma karibu na Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala. Mvua inanyesha Niassa, maji yanasafiri siku kadhaa, nyinyi mnalowa bila wingu. Habari mbaya ni kwamba maji hayana pasipoti. Habari njema ni kwamba maji yanachelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakotabirika.

Zana ya kwanza ni GloFAS, mfumo wa kutabiri mafuriko wa Umoja wa Ulaya chini ya mpango wa Copernicus. Ni bure. Inachukua zile mvua 51 alizosema Kopo, inazimwaga kwenye modeli ya mito inayoitwa LISFLOOD (msimbo wake uko huria kabisa), halafu inakuonyesha maji ya mto mpaka siku 30 mbele. Bonyeza nukta kwenye Ruvuma, utaona mistari mingi kama nyuzi za mkeka uliofumuka. Ikiwa imebanana, modeli ina uhakika. Ikitawanyika kama ufagio, angalia siku za mwanzo tu.

Sasa sikiliza hapa, maana watu wengi wanateleza. Usisome mita za ujazo kwa sekunde ukaziamini. Mito yetu haina vipimo vya kutosha vya kuirekebisha modeli, inaweza kukosea kiasi kwa mbali sana. Soma rangi. Njano maana yake maji yanavuka kiwango cha kila miaka 2, nyekundu miaka 5, zambarau miaka 20. Viwango hivyo havikutoka kwenye rula ya mtoni. Wameiendesha modeli hiyohiyo kwa miongo ya nyuma, wakaona yenyewe huwa inafika wapi. Kwa hiyo hata kama modeli ina tabia ya kuongeza chumvi, inajilinganisha na chumvi yake yenyewe. Ikisema "hili kwangu si la kawaida", msikilize. Na miaka 20 haimaanishi likija mwaka huu umepumzika mpaka miaka 20 ipite. Ni nafasi moja katika ishirini, kila mwaka, upya.

Zana ya pili ni hiyo Flood Hub ya Google, inatabiri mpaka siku 7. Umeona sawa, hakuna mtu pale. Nyingi ya zile nukta ni vituo vya kufikirika. Modeli yao imejifunza kwa mito yenye vipimo duniani, halafu inahamishia ujuzi kwenye mito isiyo na vipimo. Walichapisha kazi hiyo kwenye jarida la Nature mwaka 2024. Kama fundi aliyejifunza injini za aina mia, unamletea ya mia na moja, anajaribu. Mara nyingi anapatia.

Ila hizi zote ni za mito mikubwa. Korongo linalopita nyuma ya nyumba yako hazilijui. Mraba wa GloFAS ni kilomita kama 5, korongo lina mita nne.

Kitu kimoja cha kufanya kwa mkono: pigilia ubao wenye alama za sentimita kwenye nguzo au mti imara pale mnapovukia, msome kila asubuhi, na mpate namba ya mtu wa Mtambaswala anayeweza kukwambia mto umepanda kiasi gani leo. Baada ya msimu mmoja mtajua maji ya kwao yanachukua siku ngapi kufika kwenu, na hiyo hakuna setilaiti itakayokupa. Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini wako Mtwara, wapelekeeni nakala ya daftari.

#7 Nahodha Msanga Mkuu

Nimesoma kimya, niseme la baharini.

Sisi tunatazama upepo. Kusi likikaza mwezi wa saba, wa nane, GFS na ECMWF zote zinatosha, maana kusi ni upepo mpana, hauna siri. Shida ni vimbunga, na hapo nawasihi msiwe wajanja. Wazee wa Lindi bado wanahadithia cha Aprili 1952. Aprili 2019 tuliambiwa Kenneth anakuja, Mtwara ikafungwa, shule zikafungwa, tukavuta vyombo juu mpaka chini ya minazi. Akaingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25. Kesho yake kijiweni kila mtu akawa mtaalamu: "Si nilisema?" Mimi pia nilisema. Mei 2024 akaja Hidaya, na ule mdomo wa 2019 bado ninao, nikataka kutoka kwa sababu ramani yangu ya simu ilionyesha mstari unapita mbali, kule Mafia. Mke wangu akaficha mafuta ya mashine. Hidaya kweli alienda Mafia, lakini upepo na mvua vilifika huku, na kule Kilwa mvua ikakata barabara ya Dar pale Somanga, tukakaa tunaangalia magari ya samaki yamelala.

Niliyojifunza: ule mstari kwenye ramani ni katikati ya mashaka tu, na kimbunga ni kipana kuliko mstari. Kenneth hakutudanganya. Tulikuwa ndani ya eneo la uwezekano, akaingia upande wa pili wa eneo hilohilo. Kwa vimbunga vya bahari yetu kituo chenye jukumu kiko kisiwa cha Réunion, cha Wafaransa, kurasa zao ziko wazi. Lakini neno la mwisho ni la TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa. Tahadhari rasmi ni kazi yao kisheria. Siku hizi naona vijana wanapiga picha ramani ya siku ya kumi mbele, rangi nyekundu imejaa, wanaitupa kwenye magrupu ya wavuvi. Siku ya kumi mbele ya kimbunga ni ndoto ya kompyuta. Ikirudi mara tatu mfululizo kwa modeli mbili, hapo ndipo mimi naanza kuhesabu kamba.

#8 Ruangwa Boy

Mimi ni mwanafunzi. Siku hizi si kuna AI za hali ya hewa? GraphCast na wenzake. Kwa nini tuhangaike na makopo? Pia nataka kuchora mafuriko ya Lukuledi kwa mradi wangu, nianzie wapi?

#9 BintiMikindani

Mdogo wangu, GraphCast ilijifunza kwa ERA5, ambayo ni historia ya hewa ya dunia iliyojengwa upya na ECMWF, saa kwa saa kuanzia 1940. ERA5 nayo ni modeli iliyoshikwa mkono na vipimo. Pale ambapo vipimo ni vichache, imejaza kwa fizikia. Sasa AI imejifunza kwa kilichojazwa. Kwa njia ya kimbunga inafanya vizuri sana, kwa mvua ya Ruangwa bado mraba wake ni kama kilomita 28, Mtwara na Mikindani mara nyingi ziko mraba mmoja. Kopo linabaki na kazi.

Mafuriko: QGIS kwa ramani, ni huria na inakubali kompyuta dhaifu. HEC-RAS ya jeshi la wahandisi la Marekani kwa kuchora maji yanavyosambaa, ni bure lakini si huria. Kama unataka mvua inavyogeuka kuwa mto kwa bonde zima, jifunze SWAT, ina kiunganishi ndani ya QGIS. Urefu wa ardhi utachukua SRTM, mraba wake mita 30. Na hapo ndipo utakapolia. SRTM ilipimwa kwa rada mwaka 2000, na rada haikufika chini ya kila mti. Mikorosho na minazi imehesabiwa kama kilima. Kwenye bonde tambarare la karibu na Mingoyo, kosa la mita tatu linazamisha au kuokoa kijiji kizima kwenye karatasi. Kabla hujampelekea msimamizi picha ya bluu inayopendeza, nenda ukaulize wenyeji maji yalifika wapi, upige alama za GPS. Hiyo sura moja ya ripoti yako ndiyo itakayokupa alama.

#10 Mama Wawili Tandahimba

Jamani na sisi wa maji ya kunywa? Huku juu hakuna mto wala kisima cha karibu, maji ya bomba yakija yanakuja. Tunataka kununua tenki la kuvuna maji ya mvua. Muuzaji anasema lita 5,000 zinatosha familia. Tuko sita. Hizo zana zenu zinasema nini kuhusu tenki?

#11 KopoLaRangi

Mama, hapa ndipo zinapolipa kuliko kwenye korosho. Niliifanya hesabu hii kwa nyumba yangu kabla ya kununua.

Tuanze na paa. Bati la mita za mraba 60, kila milimita ya mvua ni lita 60. Zingine zinaruka, zinavuja kwenye mfereji, toa moja ya tano. Chukua mwaka wa milimita 900: 60 mara 900 mara 0.8, unapata lita 43,200. Matumizi: watu sita, lita 20 kila mtu, ni 120 kwa siku, 43,800 kwa mwaka. Umeona? Mvua ya paa lako inakaribia kabisa kutosha mwaka mzima. Nilipofika hapa nilifurahi, nikadhani nimemaliza.

Tatizo ni kwamba kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei bati ni la kuanikia mihogo. Tenki la 5,000 likiwa limejaa pomoni siku ya mwisho ya mvua, gawanya kwa 120: siku 41. Katikati ya Juni umerudi kwenye ndoo. La 10,000 siku 83, unafika mwisho wa Julai. Kuvuka mpaka Novemba unahitaji kama lita 22,000 zimehifadhiwa. Paa linatosha, mvua inatosha, kinachopungua ni tumbo la tenki. Na mwaka wa mvua kubwa haukusaidii, maji yanamwagika tu Februari.

Kama hutaki kuniamini mimi, fanya kwa miaka halisi. Nenda Climate Engine, weka eneo lako, pakua CHIRPS ya kila siku kuanzia 1981. Ukiona inasumbua, NASA POWER ni rahisi zaidi, haitaki akaunti, ila mraba wake ni mkubwa sana, kama kilomita 55. Fungua kwenye Excel au LibreOffice. Safu A tarehe, B mvua, C maji yaliyomo tenkini. Kwenye C2 weka 0. Kwenye C3 andika:

=MIN(10000,MAX(0,C2+B3*60*0.8-120))

Buruta mpaka chini. Hiyo ni modeli ya maji, mama, nayo haina mlango wa chuo kikuu. Jana ulikuwa na nini, leo kimeingia nini, kimetoka nini, maji hayawezi kuzidi tenki wala kwenda chini ya sifuri. Badilisha 10000 uweke 5000, 15000, 22000, uhesabu siku za sifuri kila mwaka. Badilisha 120 uweke 60, yaani ya kunywa na kupikia tu, za kufulia mchote kwingine. Kwa 60 tenki la 10,000 linakupeleka siku 166, mpaka katikati ya Oktoba. Sisi tumeamua hivyo. Hatukuwa na hela ya 22,000.

Mengine mawili ambayo Excel haiyajui. Mvua ya kwanza ya Novemba usiiingize tenkini. Bati limekaa miezi sita linakusanya vumbi, kinyesi cha ndege na salfa iliyopeperushwa tangu Juni. Chomoa bomba, iache imwagike. Na mfereji uwe na mteremko. Wangu fundi aliuweka bapa, ile siku ya bomba 42 maji yalirukia ukutani na tenki likapata robo.

#12 Mama Wawili Tandahimba

Lita 60 kwa siku watu sita, hapo umesahau kuna mtoto mchanga na nepi zake. Lakini nimekuelewa. Nimempigia muuzaji nikamwambia siku 41, akanyamaza kidogo, akasema basi chukua mawili. Nitakaa na mwanangu wa kidato cha tatu atanifanyia hiyo ya kuburuta.

#13 Mpunga wa Mahurunga

Ubao tumeupigilia leo. Tumetumia rula ya fundi seremala na rangi nyekundu. Wa Mtambaswala nimempata kupitia dereva wa fuso, amekubali kwa vocha ya buku kila Jumamosi. Naona kwenye GloFAS nyuzi zimebanana, hakuna rangi. Nitarudi mwezi wa pili.

#14 Mzee wa Uraka

Sasa nyie msicheke. Mjukuu ameleta kopo hapa, limepimwa kwa rula, kumi na sita kamili. Usiku kumenyunya. Asubuhi nimechota kwa hilo bomba la sindano. Mawili na nusu.

#15 KopoLaRangi

Milimita 2.5, mzee. Andika na tarehe. Umesoma saa tatu?

#16 Mzee wa Uraka

Saa moja. Nilikuwa nawahi shamba.

#17 BintiMikindani

Basi babu andika "saa moja" pembeni. Na kesho uwe unawahi shamba saa hiyohiyo.